Foleni ya Printa na Swali la Sababu

Kazi ya kuchapa iliyokwama ni hati ambayo kompyuta imekwisha kuipokea na kuiweka kwenye foleni, lakini haitoki kwenye karatasi wala haikubali kufutwa. Dirisha la foleni linaonyesha jina la hati, idadi ya kurasa na taarifa kwamba inachapwa au inafutwa, na taarifa hiyo hubaki palepale saa nzima. Hati zote zilizotumwa baadaye hukaa nyuma yake zikisubiri. Mara nyingi mtu huzima na kuwasha, hubofya huku na kule, na ghafla karatasi huanza kutoka. Kwa wengi habari huishia hapo. Lakini swali la kifalsafa linaanzia hapo hapo: je, mtu huyo amejua kilichoikwamisha kazi, au amepata tu matokeo aliyoyataka? Swali la namna sababu inavyojulikana ni la kale kuliko mashine yoyote, na printa ya nyumbani inafaa sana kulichunguzia, kwa kuwa safari ya hati kutoka kwenye skrini hadi kwenye karatasi ina hatua chache zinazoweza kufuatwa moja baada ya nyingine.

Programu ya kuandikia haisemi na printa moja kwa moja. Huikabidhi hati kwa draiva, programu ndogo inayoigeuza kuwa lugha inayoeleweka na printa ya aina ile. Kinachopatikana huandikwa kwenye diski, kisha huduma moja ya mfumo, ambayo kwenye Windows huitwa Print Spooler, hukichukua na kukipeleka kwa printa kidogo kidogo kupitia waya wa USB au Wi-Fi. Mpango huu ulitokana na kompyuta kubwa za miaka ya 1950 na 1960, ilipoonekana kwamba mashine ya gharama kubwa mno ilikuwa ikipoteza muda kwa kusubiri printa imalize mstari wake. Foleni iliwekwa ili mwenye kasi asifungwe na mwenye kwenda polepole.

Kwenye Windows foleni hiyo inaweza kuonekana kwa macho. Ndani ya folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS kila kazi huwa na mafaili mawili yenye namba moja. Lenye mwisho wa .SPL limebeba kurasa zenyewe, na lenye mwisho wa .SHD limebeba habari zake: nani ameituma, inakwenda kwenye printa gani. Mafaili hayo yako kwenye diski, hivyo hayapotei umeme unapokatika. Kompyuta ikiwashwa, huduma huyasoma upya na kuendelea na shughuli ileile. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima kompyuta usiku, akaiwasha asubuhi, akaikuta hati ya jana imekaa vilevile kichwani mwa foleni.

Data ikishatumwa, kompyuta husubiri jibu. Printa ikinyamaza, kimya chake kinaweza kuwa na maana nyingi: bado inapasha moto, inatafakari picha nzito, imeishiwa karatasi, au imezimwa. Aliye upande wa pili wa waya hana namna ya kutenganisha kimya cha anayechelewa na kimya cha aliyekufa. Huu si upungufu wa mafundi. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba pale ujumbe unapoweza kuchelewa bila kikomo, na mashine moja tu ikaweza kufa, hakuna utaratibu unaohakikisha kwamba mashine zitafikia makubaliano kila mara. Na kiini cha ugumu huo ni hicho hicho cha kushindwa kumtofautisha aliyekufa na anayejivuta. Mapema zaidi, mwaka 1936, mwanahisabati Alan Turing alikuwa ameonyesha kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kuamua kama programu yoyote ile itafika mwisho au itazunguka milele. Kwa hiyo kompyuta inapotangaza kwamba printa haipatikani, haijagundua jambo hilo kama mtu anavyogundua kwamba mlango umefungwa. Imechoka kusubiri baada ya muda uliopangwa na mhandisi, ikakata shauri.

Binadamu naye hukata shauri, na kwa kawaida huanza kwa kubofya tena. Hati haijatoka, basi hutumwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mbofyo huongeza kazi mkiani mwa foleni ambayo kichwa chake kimeziba. Hakuna hata mmoja unaokigusa kizuizi. Kizuizi kikija kuondoka kwa sababu zake, nakala zote humwagika kwa pamoja, na mtu hubaki akiamini kwamba mbofyo wa mwisho ndio uliofanikisha. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alieleza jaribio la njiwa wenye njaa waliokuwa wakipewa chakula kila baada ya sekunde 15, hata wafanye nini. Baada ya muda mmoja alikuwa akizunguka palepale, mwingine akisukuma kichwa kwenye kona ya juu ya kizimba, kila mmoja akirudia tendo lake. Skinner aliuita mwenendo huo ushirikina. Watafiti waliolirudia jaribio baadaye walitoa maelezo mengine kuhusu njiwa, lakini kosa la kifikra alilolitaja ni la kweli kwa wanadamu: hili limekuja baada ya lile, basi lile ndilo lililoleta hili.

Kosa hilo lilikuwa limechimbuliwa kwa kina zaidi karne nyingi nyuma. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza Baghdad mwaka 1095, Imamu Abu Hamid al-Ghazali aliuliza ni nini hasa mtu anachokiona pamba inapokutana na moto. Anachokiona, alijibu, ni pamba kuungua wakati inapoguswa na moto. Kwamba moto ndio mtendaji wa kule kuungua ni jambo ambalo jicho halikulishuhudia. Vitu viwili kuandamana ni jambo moja, na kimoja kulazimika kukizaa kingine ni jambo la pili. Kwa Ghazali mtendaji wa kweli ni Mwenyezi Mungu, kwa kutenda Mwenyewe au kupitia malaika, na mfuatano ambao watu wameuzoea ni desturi aliyoiweka Yeye. Anayo hiari ya kuivunja, kama moto ulivyokosa kumuunguza Nabii Ibrahimu.

Ghazali hakuwa mtu wa kuikimbia hoja inayomkabili. Aliitoa mwenyewe: kama ulazima haupo, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani asiwe na hakika kwamba hatakikuta kimegeuka kuwa kijana au mnyama. Akajibu kwamba Mungu ameumba ndani ya binadamu ujuzi kwamba mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayafanyiki, na desturi inayojirudia huyakaza matarajio moyoni. Hivyo hakumzuia mtu kutegemea mazoea. Alichokiondoa ni ile hakika ya kwamba kitu kina nguvu ya kulazimisha kingine. Karibu mwaka 1180, Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu katika Tahafut al-Tahafut kwamba mwenye kuzikana sababu ameikana akili yenyewe, kwa maana kukijua kitu ni kujua tabia yake na kazi inayotokana na tabia hiyo. Moto usiokuwa na tendo lake maalumu hauna hata haki ya kuitwa moto.

Mbele ya printa iliyonyamaza, wanazuoni hawa wawili wote wana la kusema. Kauli ya kwamba "nilizima nikawasha ikachapa" ni ushahidi wa kuandamana tu. Huenda kuzima ndiko kulikokwamua. Huenda rauta ilikuwa imerudi hewani dakika ileile. Huenda mtu wa chumba cha pili alikuwa amefunga kifuniko kilichoachwa wazi. Tahadhari ya Ghazali inahitajika hapo, kabla mtu hajajenga imani juu ya tukio moja. Lakini tahadhari hiyo ikigeuzwa kuwa kisingizio cha kutouliza, anayestahili kusikilizwa ni Ibn Rushd: printa ina sehemu, kila sehemu ina kazi yake, na kazi hiyo inachunguzika.

Ni haki pia kukiri kwamba hoja ya Ghazali haimalizwi kwa kufungua mashine. Fundi anayejua kila hatua kati ya kitufe na karatasi bado anaona mfuatano, ila mdogo zaidi: data imefika, kisha rola imezunguka, rola imezunguka, kisha karatasi imevutwa. Ulazima hauonekani hata hapo. Ujuzi wa fundi hata hivyo una faida kubwa, kwa kuwa unamwonyesha mahali pa kugusa. Anajua kwamba akibadilisha jambo hili, lile litabadilika, na akiliacha, halitabadilika. Anayejua hivyo ameijua sababu kwa kiasi ambacho matendo ya binadamu yanahitaji, hata kama mjadala wa nani mtendaji wa mwisho umebaki kwa wanateolojia.

Njia ya kuupata ujuzi wa aina hiyo ilipangwa vizuri na mwanafalsafa John Stuart Mill katika A System of Logic, kitabu cha mwaka 1843. Moja ya kanuni zake inataka hali mbili zilinganishwe ambazo zinafanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Matokeo yakitofautiana, kile kimoja ndicho sababu au ni sehemu ya sababu. Anayebadilisha waya, draiva, karatasi na mtandao kwa mkupuo mmoja ni kama mgonjwa aliyemeza dawa tano kwa pamoja akapona, ambaye kesho akiugua tena hajui ni ipi ya kuomba.

Kwa printa ya nyumbani kanuni hiyo ina mpangilio wake. Kwanza printa hutengwa na kompyuta, ikaagizwa ichape ukurasa wake wa majaribio kwa vitufe vyake yenyewe. Ukitoka safi, basi wino, rola na karatasi havina hatia, na hakuna haja ya kuvigusa. Pili, hati ileile hutumwa kutoka kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile. Ikichapwa, njia ya mtandao hadi kwenye printa ni nzima na kasoro iko upande wa kompyuta. Tatu, kutoka kwenye kompyuta hutumwa hati nyingine fupi isiyo na picha, baada ya ile ya kwanza kuondolewa. Ikipita, draiva na huduma vinafanya kazi, na mashaka yote yanaiangukia hati ya kwanza. Inafaa kuhakikisha pia kwamba hakuna aliyesimamisha foleni au kuweka alama ya kuitumia printa ikiwa nje ya mtandao. Alama hizo mbili husahaulika sana.

Hati ikikataa kufutwa kwa njia ya kawaida, tiba kwenye Windows ni kuisimamisha huduma, kuondoa vilivyomo kwenye folda ya PRINTERS, na kuianzisha tena. Mwenye haki za msimamizi anaweza kuandika net stop spooler, akaisafisha folda, kisha akaandika net start spooler. Kwenye Mac mtu hubofya orodha ya printa huku ameshika kitufe cha Control, akachagua kuurudisha mfumo wa kuchapa kwenye hali yake ya mwanzo, ingawa baada ya hapo printa zote hulazimika kuongezwa upya. Kwenye Linux amri ya cancel -a hufuta kazi zote, na cupsenable huifungua foleni iliyosimamishwa.

Tiba hizi zina nguvu, na nguvu yake ndiyo inayoleta ugumu kwa mwenye kutaka kujua. Kuisafisha folda huondoa faili lililoziba pamoja na mengine yote yasiyo na kosa. Foleni inapofunguka, ushahidi umekwisha kutoweka. Mtu amepona bila kujua alikuwa akiugua nini, na ameiharibu njia ya kujua. Ndiyo sababu fundi mzoefu huyahamishia mafaili kwenye folda nyingine badala ya kuyafuta, kisha hutuma hati upya moja moja hadi ile yenye tatizo ijitaje. Hiyo inamgharimu muda, na si kila mara muda huo unastahili kutumika. Mzazi anayetaka kuchapa fomu ya shule saa kumi na mbili asubuhi hana wajibu wa kufanya utafiti, akwamue aende. Lakini tatizo lilelile likirudi kila wiki, kuendelea kulikwamua bila kuliuliza ni kukubali kutawaliwa na chombo ambacho mtu amekinunua kimtumikie.

Kutojua sababu kuna madhara mengine, mazito kuliko karatasi. Katika nyumba yenye kompyuta moja swali la kwanza huwa ni nani aliyeiharibu printa, na lawama humwangukia aliyeitumia mwisho, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yake ilipoonekana imegoma. Mpangilio wa foleni unasema kinyume. Aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kuhudumiwa, hivyo anayeziba ni aliye kichwani. Mtoto aliyetuma ukurasa mmoja wa kazi ya shule jioni huwa mkiani kabisa, amekwama kama wengine, huku picha nzito iliyotumwa na mkubwa tangu asubuhi ikiwa ndiyo kizuizi. Kumgombeza mtoto huyo ni dhuluma, hata kama ni ndogo na hata kama aliyegomba amesema kwa nia njema. Anayetoa hukumu ana wajibu wa kuitafuta sababu, na hapa kuitafuta kunagharimu kulifungua dirisha la foleni na kusoma jina la kwanza na saa yake.

Zipo pia kazi zinazokwama bila chochote kuwa kibovu. Karatasi inayotumika Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani na Kanada hutumia saizi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Fomu ya maombi ya chuo cha Marekani ikipakuliwa Mombasa au Arusha na kuchapwa bila kubadilisha saizi, printa nyingi husimama, zikawasha taa na kudai karatasi ya Letter ambayo haimo kwenye trei wala haipatikani dukani. Printa ni nzima, hati ni nzima, kompyuta imetii ilichoambiwa. Vilevile rauta ya nyumbani huzigawia mashine anwani za muda, na printa iliyozimwa siku kadhaa inaweza kuamka na anwani mpya huku kompyuta ikiendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Katika hali hizi sababu haimo ndani ya kitu chochote kimoja. Imo katika uhusiano wa vitu viwili, ambavyo kila kimoja kikichunguzwa peke yake hukutwa hakina kosa. Mtu aliyezoea kutafuta kiungo kilichovunjika anaweza kuifungua printa hadi skrubu ya mwisho asikione anachokitafuta, kumbe dawa ni kuchagua A4 kabla ya kuchapa, au kuiwekea printa anwani ya kudumu kwenye rauta.

Aina nyingine ya kukwama inatoka kwenye nia ya mtu. Baadhi ya printa husoma chipu iliyo kwenye katriji, na zikikuta katriji isiyo ya mtengenezaji wa printa hukataa kuchapa ingawa wino umejaa. Mwanafalsafa Aristotle alitofautisha sababu inayosukuma kitu na sababu ambayo kitu kinafanywa kwa ajili yake. Kwenye karatasi iliyojikunja sababu ya pili haipo, kwa kuwa hakuna aliyetaka ijikunje. Kwenye katriji iliyokataliwa ipo: kuna aliyetaka iwe hivyo, na kwa lengo. Kwa hiyo swali linatoka kwenye ufundi na kuwa swali la haki, la mipaka ya mamlaka ya muuzaji juu ya chombo alichokwisha kukiuza. Mahakama Kuu ya Marekani iligusa upande mmoja wa swali hilo mwaka 2017, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, ilipoamua kwamba haki za hataza juu ya katriji humalizika mtengenezaji anapoiuza. Uamuzi huo haukuzigusa chipu, na uzio wa kiufundi unaweza kubaki umesimama pale ambapo uzio wa kisheria umeanguka.

Haki ya kujua sababu nayo ilipata mtetezi wake mkubwa kutokana na printa. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo kikuu cha MIT ilipewa printa mpya ya leza na Xerox. Printa ya awali ilikuwa ikikwama pia, lakini Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa maabara hiyo, alikuwa ameibadilisha programu yake ili iwatumie ujumbe wote waliokuwa wakisubiri kazi zao, na aliye karibu akaenda kuikwamua. Printa mpya ilikuja bila msimbo wa programu unaosomeka. Ilikwama, watu wakasubiri bila kujua, na hakuna aliyeweza kuirekebisha kasoro ambayo kila mmoja aliijua. Stallman alipomwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, alinyimwa kwa maelezo kwamba ameahidi kutoutoa. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo mtumiaji yuko huru kuzisoma na kuzibadilisha, na msimamo wake umebaki kwamba kumnyima mtumiaji nafasi ya kuisoma na kuibadilisha programu anayoitumia ni kosa la kimaadili. Wapo wanaoliona hilo kuwa kali mno. Mbele ya foleni iliyokwama hoja yake ina uzito: anayezuiwa kuijua sababu hawezi kutaka chochote zaidi ya msaada, tena kutoka kwa yuleyule aliyemzuia. Programu ya CUPS, inayoendesha uchapaji kwenye Mac na Linux, inatolewa pamoja na msimbo wake, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kufuata njia ya hati ndani yake hadi inapokatika.

Asiye na ujuzi huo bado anaweza kuiandalia sababu mahali pa kuacha alama. Kwenye Windows ipo kumbukumbu ya matukio ya uchapaji, iitwayo PrintService Operational ndani ya Event Viewer, ambayo kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, huandika kila kazi iliyopita na makosa yaliyotokea, pamoja na saa. CUPS huandika makosa yake kwenye faili la error_log ndani ya /var/log/cups. Ile ya Windows haisemi lolote kuhusu kazi iliyokwama kabla haijawashwa, hivyo anayeshuku kwamba tatizo litarudi ndiye anayepaswa kuiwasha mapema. Huandika pia jina la mtumiaji na, ikiruhusiwa kwenye mipangilio, hata jina la hati, iwe ni barua ya daktari, ombi la kazi au hati ya talaka. Katika nyumba ya watu wengi ni uungwana kuwaambia wenzako kwamba kumbukumbu imewashwa, kusoma ndani yake mistari ya kazi iliyokwama tu, na kuizima sababu ikishapatikana.